Devisi ya Mashua kwa Mtu Mmoja

Mwenye mashua alitaka devisi, makadirio ya gharama, tena siyo ile ya kusema kwa mdomo. Alitaka karatasi, bei ya vifaa upande mmoja na saa za kazi upande wa pili. Nikadhani ananitania. Miaka yote niliyoshona viti vya magari na mashua mtaani Buyenzi, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza saa. Watu wanauliza siku, na ukiwaambia Jumamosi wanakuja Ijumaa kukusumbua.

"Muzee, mi nataka kujua nalipia nini," akasema. Tulikuwa tumesimama ufukweni karibu na mashua yake. Alikuwa mfanyabiashara, bado kijana, mwenye bohari kwenye kartie, yaani mtaa, ya viwanda, na mashua ilikuwa ya kutembeza watu ziwani siku za Jumapili.

"Utajua," nikamwambia. "Acha kwanza niivue nguo."

Kupima mashua siyo kutembeza futi tu. Mita ni za kununulia simili, ile ngozi ya plastiki tunayovalisha viti. Saa zinakaa kwenye kona. Kiti kilichonyooka unakimaliza huku unapiga mluzi, lakini benchi la mbele, linalofuata tumbo la mashua, kona yake moja inaweza kukulia asubuhi nzima. Halafu lazima ung'oe kiti kimoja uone chini yake. Pini zinaliwa na kutu, mbao inalainika kama mkate uliochovywa chai, na kutoa pini zilizokufa kunachukua muda kuliko kupiga mpya. Fundi anayetaja bei kabla ya kung'oa kiti atakuja kulia mwenyewe.

Nikapima yote hayo, kisha nikageukia kushoto, nikisubiri. Mwenye mashua naye akageuka kutazama ninakotazama. Hapakuwa na mtu. Ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na mama watoto: mimi napima, yeye anasema itachukua muda gani. Alikuwa anabonyeza sponji mara moja, anatupia jicho kona, anasema, "Hii ya wiki nzima," na inakuwa wiki nzima kweli. Sikuwahi kumuuliza anahesabu vipi. Alifariki kabla ya mvua za mwaka jana, na hesabu akaenda nayo.

Nikamwambia mwenye mashua kwamba karatasi nitaileta kesho.

Kazi hiyo niliihitaji kuliko nilivyoonyesha. Mwanangu anaishi Carama, ana nyumba nzuri, na tulikuwa tumeshakubaliana: nikiikosa mashua hii, atelie, karakana yangu, tunaifunga, cherehani zinauzwa, mimi nahamia kwake. "Papa, unabaki peke yako mule ndani kufanya nini?" aliniuliza. Siyo mtoto mbaya. Lakini kwake kila mtu anatoka asubuhi, na mimi ningebaki na televisheni na mbwa wa jirani. Upweke nilikuwa nao tayari, sikatai. Angalau upweke wa Buyenzi una mafundi wenzangu wanaogonga mabati nje ya mlango.

Basi nikakaa na kalamu. Nikakumbuka mashua moja tuliyoivalisha zamani, karibu sawa na hii. Ilituchukua Jumatatu mpaka Jumamosi, watu wawili. Nikaandika wiki moja, nikaona ni uongo. Kuvalisha simili kunataka mikono minne. Mmoja anakandamiza sponji kwa uzito wake wote, mwingine anavuta na kupiga pini. Ukiwa peke yako unavuta, unaachilia mkono mmoja ushike bunduki ya pini, simili inarudi nyuma, unaanza upya huku unatukana. Nikakata, nikaandika wiki mbili. Ilinichoma kuliko nilivyotegemea, kuona kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba sasa mimi ni nusu ya fundi.

"Wiki mbili?" Mwenye mashua aliirudia karatasi kuisoma. "Kule kartie ya viwanda wananiambia wiki moja."

"Wale wako wengi, patroni. Mi niko peke yangu. Hizo saa zingine ni za kukosa mutu wa kunishikia."

Nikadhani Carama imenipata. Yeye akajikuna shingo, akaangalia mashua, akaniangalia mimi.

"Mulinzi wangu atakuja kukushikia," akasema. "Andika wiki moja."

Mlinzi huyo alikuwa mtu mzima wa Buterere, mabega mapana, adabu tele. Viti vilipofika atelie naye akafika. Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, ila hakupenda kuongea. Jumatatu asubuhi nikaanza kumpa habari za jirani yangu aliyeoa mke wa pili akampangia nyumba nyuma tu ya ile ya mke wa kwanza, wanakutana bombani. Habari kama hiyo mama watoto angeisimamishia cherehani.

"Ego, muzee," akasema, yaani ndiyo, akaendelea kukandamiza sponji.

Nikapiga pini. Baadaye nikamweleza juu ya kuku wangu walioibwa na ninavyomjua mwizi. "Ego, muzee." Nikapiga pini. Benchi la mbele nililoliogopa sana likawa limevaa kabla hatujala.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, nikanyoosha mkono kuchukua kiti kinachofuata, na hapakuwa na kiti. Nikakagua vyote upya, nikiamini kuna benchi nimelisahau. Vyote vilikuwa vimevaa, mshono umenyooka, kona zimekaa. Wala siyo kwamba mlinzi alinisaidia kushona. Kushona nilishona mwenyewe, na mama watoto alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Nikakaa kwenye mashine yake nikitafuta siku zetu zilikuwa zinakwenda wapi. Cherehani ina kelele, kwa hiyo akiwa na neno alikuwa anainua mguu kwenye pedali, na hakukosa neno hata siku moja. Mimi nikicheka naachilia simili, tunavuta upya. Chai inakuja, harusi ya fulani inachambuliwa tangu mchele mpaka bibi arusi. Yote hayo aliyaweka ndani ya hesabu. Alipobonyeza sponji na kusema wiki nzima, alishajua tutaongea kiasi gani. Jamani, wenye mashua wa mji huu wametulipia umbea miaka yote ile.

Mwenye mashua akaja, akakalia kila kiti, akafurahi. "Muzee, kumbe uko mbio. Rafiki zangu wawili wako na mashua, nitakuletea." Atelie ikawa imepona. Nikampigia mwanangu nimpe habari. Akasema vizuri Papa, akarudi kwenye kazi yake. Mlinzi akanawa mikono, akaniaga.

Jua lilikuwa bado kali. Nikaanza kucheka peke yangu, kwa sauti, mpaka fundi wa baiskeli wa nje akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Mtu pekee ambaye angeelewa jinsi tulivyokuwa wavivu ni yule niliyekuwa mvivu naye.