Humu Kila Mtu Anakaa

Mwanvua alikuwa mtu wa maswali, na mtaa mzima ulilijua hilo. Ukimpelekea kitambaa akushonee gauni, kabla hajakupima kiuno ameshakuuliza arusi ni ya nani, bwana arusi katokea wapi, na dada mkubwa mbona bado yuko nyumbani. Wateja walinung'unika, lakini walirudi, maana mshono wake haukufumuka. Miguu ndiyo haikumfaa. Polio ilimpata akiwa mdogo, akawa anatembelea baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, na mikono hiyo, nakwambia, ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi wanaojisifu sokoni.

Swali moja tu hakuwahi kuliuliza, na hilo lilikuwa la kumwuliza mama yake.

Mama huyo, Sofia, aliishi Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto Lualaba, ukitazamana na Kindu yetu. Ukishuka mtoni unayaona mabati ya huko yaking'aa. Kila mara ni mama aliyevuka kuja kumwona binti. Binti, hata siku moja.

Yalianza wakati wa vita, mwaka wa 2002, Mwanvua akiwa msichana mdogo. Risasi zilikaribia mtaani, watu wakakimbilia mtoni. Sofia alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mtumbwi ulikuwa umejaa, na mpiga kasia akasema yule asiyetembea angoje safari ya pili pamoja na masufuria. Sofia akamkalisha binti yake juu ya furushi, kando ya nyanya yake.

"Kaa hapa, mama," alimwambia mtoto. "Mutumbwi utarudi kukuchukua."

Haukurudi. Risasi zilianza kulia juu ya maji, mto ukafungwa, na Mwanvua akalelewa na nyanya yake mpaka vita vilipotulia. Siku njia ilipofunguka Sofia alikuja mbio, wakalia, wakakumbatiana. Lakini kuhusu ule mtumbwi hawakusema neno. Mama aliona haya, binti aliogopa jibu, kila mmoja akameza chake. Baadaye Sofia aliolewa Alunguli, akamwomba binti ahamie kwake. Mwanvua akakataa. Kuvuka kulikuwa na maana ya kubebwa mgongoni hadi mtumbwini, kisha kuwekwa katikati ya mihogo na kuku. Akaapa hatavuka mto huo mpaka avuke kwa mkono wake mwenyewe.

Watu walikiona kiapo cha bure, na tusiwalaumu. Wapiga kasia wa pale hupiga kasia wamesimama. Anayesimama ndiye mwenye chombo. Anayekaa ni mzigo, awe mtu awe gunia. Walifundishwa hivyo na baba zao na hawakuona haja ya kubadili.

Basi miaka ikaenda, vita vikawa habari za wakubwa, Mwanvua akawa mwanamke mtu mzima mwenye cherehani yake. Ndipo Godefroid alipoingia dukani na bashi kubwa la turubai begani. Godefroid alikuwa mwana wa Kindu aliyejifunza kuendesha mashua za tanga huko Kalemie, kwenye ziwa. Alikuwa amerudi na kuanzisha chama pale ukingoni: yeyote aje ajifunze, mwanamke, mzee, kipofu, bila kutoa hata faranga. Watu walimcheka sana. Tanga Kindu? Walisema ziwa limemharibu kichwa.

"Unishonee tanga, dada," alisema. "Lakini lisiwe bapa. Liwe na tumbo."

Mwanvua akaweka mkasi chini. "Tumbo la nini?"

"La kushika upepo."

"Na upepo ukija kwa ubavu?"

"Hapo njo muzuri zaidi."

"Muzuri vipi? Upepo unapanda muto, weye unaenda Alunguli. Si utakusukuma mpaka Kasongo?"

Godefroid alijaribu kueleza kwa mikono yote miwili, akashindwa, akasema, "Njoo uone."

Mwanvua alishona tanga lenye tumbo, kama anavyoshona kifua cha blauzi, na swali likamganda kichwani. Akafunga utepe mlangoni ili aone upepo unatoka wapi na unabadilika saa ngapi. Wateja walidhani ni dawa ya kufukuza wachawi, na yeye akawaacha waamini. Mwishowe akaenda mtoni, akaiacha baiskeli kwenye mbao zilizotandikwa juu ya tope, akajivuta kwa mikono mpaka ndani ya mashua.

"Mwenye usukani anasimama wapi?" aliuliza.

"Hasimami," alijibu Godefroid. "Humu kila muntu anakaa. Ukisimama, unaanguka."

Mwanvua akaushika usukani bila swali hata moja. Godefroid, aliyemjua, alidhani anaumwa.

Mwanvua alijifunza kwa tamaa ya mtu mwenye njaa. Kamba ya tanga ilimfahamisha mambo yaleyale ya uzi wa cherehani: ukiikaza mno kinakatika kitu, ukiilegeza kila kitu kinavurugika. Aliyemsindikiza majini ni Papa Okito, mpiga kasia wa zamani aliyejiunga na chama kwa kutaka kujua tu hicho kioja ni nini. Mzee mwema, ila makalio yake hayakukubali ubao.

"Papa Okito, kaa."

"Niko nakaa," alikuwa akisema, amesimama wima.

Siku ya kuvuka ilipofika, Mwanvua alimpigia mama yake simu amsubiri ukingoni mwa Alunguli alasiri.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Usiulize maswali," alijibu, na hakuona hata haya.

Upepo ulikuwa mzuri. Godefroid alibaki ukingoni na mtumbwi wa moteri, tayari kuwavuta wakikwama. Na Mwanvua alijua kwamba akivutwa, hajavuka. Atakuwa mzigo uleule, ila umebadilishiwa chombo. Walipita katikati ya mto, akaanza kumtambua mama yake kwa kikwembe cha njano alichojifunga kiunoni, kisha upepo ukalegea na tanga likapigapiga. Okito akashika kasia. Miguu yake ikakumbuka kazi ya miaka yote, akainuka. Upepo ukarudi ghafla, mti wa chini wa tanga ukageuka na kumpiga mgongoni, mzee akaingia majini.

Alikuwa na jile la kuelea kifuani na alijua kuogelea tangu utoto. "Endelea," alipaza sauti, mkondo ukimteremsha. "Miye nitafika."

Ukingo wa Alunguli ulikuwa karibu. Mwanvua akigeuka kumfuata, upepo ungeweza kufa, na moteri ingekuja kumvuta. Alimwangalia mama yake, akakiangalia kile kichwa chenye mvi majini.

"Ngoja hapo," alimwambia Okito, neno la ajabu kumwambia mtu aliyemo mtoni. Kisha akageuza usukani.

Alimfikia, akamvuta kwa ile mikono yake mpaka ndani. Mzee alikohoa, akataka kuinuka.

"Kaa."

Akakaa.

Upepo ulibaki kidogo, ukatosha. Walifika Alunguli chini sana ya pale walipokusudia, na Sofia alikuwa amekimbia ukingo mzima, kikwembe kikimfunguka. Aliingia majini mpaka magotini, akaushika ubavu wa mashua. Alikuwa ameona yote.

"Ulirudi kumuchukua," alisema.

Mwanvua alishikilia usukani ingawa mashua ilikuwa imetulia.

"Mama, siku ile, ulimwomba yule mpiga kasia arudi?"

Sofia aliinamisha uso. "Nilimushika kasia. Nililia mpaka sauti ikakauka. Akanisukuma nikaanguka kwenye matope na mutoto mugongoni. Nilitaka kuingia majini, watu wakanikamata."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nikafikiri unanichukia."

Mwanvua, mtu wa maswali, alilia mbele ya Okito bila kujificha. Miaka yote hiyo alikuwa amemwuliza kila mtu kila kitu. Kisha akajifuta kwa mkono wa blauzi na kupapasa ubao karibu yake.

"Panda, mama," alisema. "Nimekuja kukuchukua."

Okito alisogea kumpisha, amekaa vilevile.