Mkono wa Mama Davis Usioungua

Asteria Mageni, ambaye wachimbaji wote humwita Mama Davis, alizaliwa Ngokolo mjini Shinyanga na anauza chakula kwenye machimbo ya upande wa Nyarugusu, Geita. Kwa muda mrefu alisifika kwa jambo moja ambalo halikustahili sifa. Aliepua sufuria ya maharage jikoni kwa mkono mtupu wa kulia, bila kitambaa, na uso wake haukubadilika.

Sababu haikuwa ya ajabu. Upepo wa masika uling'oa bati la banda lake, akalidaka, likamkata kiganjani karibu na kifundo cha mkono. Kidonda kilishonwa ngozi na kikapona. Kilichokatika chini ya ngozi hakikushonwa, kwa kuwa hakuna aliyekitafuta. Tangu hapo kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa na ganzi. Aliviona viko pale, lakini havikumwambia kitu.

Wachimbaji waliamua wenyewe kwamba ana dawa. Mtu anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hupenda kushuka na bahati, na ikasemwa kwamba ugali uliosongwa na mkono usioungua huvuta dhahabu. Wakajaa kwake. Mama Davis hakusema kwamba ana dawa. Hakusema pia kwamba hana. Watu wengi wema wanadhani hapo hakuna dhambi, na hapo ndipo wanapokosea, maana kunyamaza wakati uongo unakulisha ni kuusema.

Vidole vilianza kuoza kwa malengelenge. Kimoja kilipobadilika rangi, alipanda gari kwenda hospitali Mwanza, akapokewa na daktari wa upasuaji aitwaye Noela, binti mdogo kuliko mwanawe Davis. Daktari alimwamkia shikamoo, akaugeuza mkono, akauliza kama amekuwa akiuchoma kwa makusudi. Mama Davis alijibu kwamba ni kazi.

Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umekatika na unaweza kushonwa, ila hukua polepole sana kutoka kwenye mshono kwenda vidoleni, na huenda usirudi wote. Alimpa sharti moja.

"Mama, nikikushona kisha ukarudi kushika sufuria, vidole nitavikata mwenyewe. Chagua sasa."

Mama Davis aliuliza kama hakuna dawa ya kuuharakisha. Daktari, ambaye aliwahi kufanya utafiti wa jambo hilo, alisema kuna seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Zikikuzwa maabara hutoa majimaji, na ndani yake mna vitu vinavyotuliza uvimbe na kuuchochea mshipa ukue. Wataalamu huyachukua hayo majimaji, seli zenyewe wakaziacha.

"Kama kuchota mchuzi na kuacha nyama," alisema Mama Davis.

Daktari alikubali kwamba ni hivyo hivyo, akaongeza kwamba mchuzi huo umewasaidia panya waliokatwa mshipa wa mguu, lakini kwa binadamu bado unachunguzwa, na yeyote atakayemuuzia ni mwongo. Akamshona.

Alirudi machimboni mkono umefungwa kwenye gango la kuuzuia usicheze, akawasimulia wateja yote, hata habari za mchuzi. Hilo lilikuwa kosa. Kabla wiki haijaisha, Nasibu, dalali wa dhahabu anayeuza chochote dhahabu ikikosekana, alikuwa na chupa ndogo zilizoandikwa Seli.

Wakati huohuo wenye duara walimjia Mama Davis wakiongozwa na Enock, msimamizi wao. Jumatatu walikuwa wanafungua mwamba mpya. Waliomba afungue gango na kuepua sufuria mara moja tu, mbele ya vijana, ili wasishuke na mioyo mizito. Nasibu alikuwa amekuja nao.

"Nakuchoma sindano hapa juu ya kifundo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mchuzi uleule wa daktari. Jumatatu unaepua, jioni umepona."

"Daktari alisema wanapewa panya. Wewe umempa nani?"

"Cornel. Mgongo ulikuwa unamsumbua."

"Anasemaje?"

"Hajasema. Amelala."

Tangu lini, aliulizwa. Nasibu alisema tangu jana. Enock alimtuma mtu akamwangalie mchimbaji huyo, ambaye alikutwa hai, amevimba, na hataki kumwona Nasibu.

Mama Davis alijua kwamba akikataa kimyakimya, watasema dawa ameihamishia kwingine na watamsumbua hadi auchome tena. Jumatatu mchana, sahani zikiwa mezani, alisimama.

"Mkono huu haujawahi kuwa na dawa. Ulikatwa na bati ukafa. Nilikuwa naungua kama ninyi, ila sikujua. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnakula kwangu."

Kijana mmoja aliuliza kama basi ile dhahabu ya mwezi uliopita waliipataje. Mama Davis alimwambia kwamba walichimba.

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Wengi walihamia kwa Tereza, ambaye jiko lake liko karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na maharage yake yana mawe. Mama Davis alipunguza sufuria, akafanya mazoezi ya vidole aliyoelekezwa, akangoja. Kiangazi kilipita. Kisha kitu kama siafu kikaanza kutembea kutoka kwenye kovu kuelekea kidole gumba, kikamnyima raha. Kwa simu daktari alimwambia ashukuru, maana huo ndio mshipa unaokua.

Siku moja kitambaa kiliteleza alipokuwa akifunua chungu cha wali, ncha ya kidole gumba ikagusa mfuniko. Aliutupa mkono nyuma. Akakitazama kidole, kisha akaugusa tena mfuniko kidogo, kwa hiari yake, na machozi yakamtoka.

Nasibu alikuwa anakula hapo, kwa kuwa kwa Tereza hawamkopeshi.

"Sasa ndiyo umeharibika kabisa, Mama Davis," alisema.

Mama Davis alikubali, akamwomba amsogezee maji ya baridi.