Kigingi cha Mjomba

Sikuipenda kazi ya kuchora ukoo. Nilipewa kwa sababu, kwa maoni ya wazee wetu kule Kinango, mtu aliye Dubai ana kompyuta na hana la kufanya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabandika lebo kwenye makatoni ya sabuni katika ghala moja la Dubai Investments Park, siku sita kwa wiki, na kompyuta ilikuwa ya ofisi. Lakini kaunti ilikuwa inakusanya historia za koo, kila ukoo ulete orodha yake, na wetu haukutaka kuchekwa na majirani. Nikakubali huku nanung'unika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya simu. Wazee wananitumia sauti zao, mimi naandika nani alimzaa nani, na aliyekufa naweka msalaba mdogo pembeni ya jina. Nilipofika upande wa mama mambo yakakwama kwa mtu mmoja. Alikuwa kaka yake mkubwa, mjomba wangu, aliyekwenda Uarabuni nikiwa bado nabebwa mgongoni na hakurudi tena. Alikufaje? Mmoja akasema homa. Mwingine akasema alianguka kutoka kwenye jengo lililokuwa likijengwa. Shangazi yake mama akaapa kwamba alizama. Amezikwa wapi? Hapo hakuna aliyejua, hata wale wanaojua kila kitu.

Mama alinijibu kwa ufupi. "Yupo hapa nyumbani. Kila siku namwona."

Alimaanisha kigingi. Kwetu Durumani mtu akifa huchongewa kipande cha mti, kikachomekwa ardhini karibu na nyumba na kufungwa kitambaa shingoni. Tunakiita koma. Marehemu anakaa hapo, na hapo anapewa unga, maji na tembo la mnazi kidogo asije akawasumbua walio hai. Mjomba alikuwa amekaa kimya miaka mingi, kisha mama akaanza kuumwa. Halali usiku, hali chakula, anasikia mtu anabisha mlango mchana kweupe. Mganga akasema kaka yake amekufa ugenini na anatafuta pa kukaa. Wazee wakamuuliza mama kama kaka yake achomekwe, kwa kuwa wao wawili ni tumbo moja, naye akakubali. Kigingi akakifunga kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Alipona wiki ile ile. Nilikuwa msichana mkubwa, nakumbuka alivyokula ugali siku hiyo mpaka tukacheka.

Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya koma nilikuwa nayafanyia mzaha. Lakini nina tabia mbaya ya kutoachia kitu nikishakishika. Siku yangu ya mapumziko nikaenda Ras Al Khor, kwenye maduka ya vipuri, ambako watu wa pwani wapo tangu zamani. Nikataja jina la mjomba na la kijiji. Mzee mmoja wa Mombasa akanikazia macho, akataka kujua mimi ni nani kwake. Nikamwambia. Nilikuwa najiandaa kuonyeshwa makaburi. Akanyooshea kidole duka la tatu, lile lenye milango ya magari iliyoegemezwa nje, akasema yule pale, anakunywa chai.

Nikapita katikati ya milango ile mpaka mbele yake.

Alikuwa na paji la uso la mama na masikio ya mama. Hakushtuka. Akanigeuzia ndoo nikae, akaniagizia chai, na nilipomweleza mimi ni mtoto wa nani akasema alijua siku moja mmoja wetu atakuja. Sauti yake ilitoka kwa shida, imebanwa. Vifungo vya shati alikuwa amevifungua hadi kifuani, lakini kila akisema maneno mawili matatu anapitisha kidole shingoni, kama mtu anayelegeza tai.

Alinisimulia. Alimtoroka kafeel wake, yule tajiri aliyemdhamini viza, akaishi bila karatasi, aibu ikamziba mdomo, kila mwaka akisema mwakani. Alipokuja kupata karatasi halali akafunga begi. Wiki hiyo hiyo akakutana na mtu wa kwetu, aliyerudi nyuma hatua mbili alipomwona, akamuuliza mbona yeye alishachomekwa.

"Nikaona basi, khalas," mjomba akasema. "Nirudi nikakae wapi? Mahali pangu pana mtu."

Nilimwambia huo ni upuuzi, tena kwa ukali. Akapandisha suruali akanionyesha mguu wa kushoto. Juu ya kifundo nyama ilikuwa imeliwa upande mmoja, na kovu lilikuwa jeusi, linang'aa. Daktari alisema ni sukari, dawa hazikusaidia, kisha mwezi wa nne kidonda kikakauka chenyewe. Nilitamani asiendelee. Mwezi wa nne mama alinitumia sauti akilalamika kwamba mchwa wamekila kigingi upande mmoja, kule chini, na amekipaka oili chafu ya trekta. Kovu lilinuka oili. Nikajiambia duka zima linanuka oili, na wenye sukari ni wengi.

Nikatoa simu nimpigie mama. Akanishika mkono, vidole vya baridi katikati ya joto lile.

"Alipona nilipochomekwa?"

"Alipona."

"Basi ukimwambia niko hai, atajiuliza aliponaje. Na yule anayemlisha miaka yote hii ni nani. Ataanza tena kusikia mlango."

Nikairudisha simu mfukoni. Nilimwona tena mama wa siku zile, mifupa mitupu kitandani, nikaogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Mjomba akasema hana shida, anakula vizuri, kila dada yake akimwaga unga yeye huuhisi ulimini. Alilisema hilo kwa upole, kwa namna ya kumsifu mpishi. Alitaka kitu kimoja tu, asikie sauti yake. Yeye hatatoa neno.

Niliiweka simu kati yetu, sauti juu. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Tukazungumza mambo ya mbuzi na ya mvua, na mjomba ameinama, kiganja mdomoni, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kikombe. Mama akakatiza maneno yake katikati.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama."

Nikasikia ungo unawekwa chini.

"Mwambie huyo asiyekuwepo," akasema taratibu, "kile kitambaa nitakilegeza. Siku ile nilikikaza sana. Niliogopa."

Kisha akakata. Chai zilipoa. Baada ya muda mkono wa mjomba ulishuka kutoka shingoni ukatulia pajani, akavuta pumzi ndefu, akaniambia niende salama nisije nikakosa basi. Sauti ilikuwa safi, nzito, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike.

Orodha niliipeleka kwa wazee wiki iliyofuata. Kwa mjomba sikuweka msalaba. Mama alisomewa jina baada ya jina, na walipofika hapo hakuuliza kitu.