Bunduki Adimu ya Mshangano

Baba mdogo wangu alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, kazi ya Mjerumani, na maneno mengi. Bunduki aliirithi kwa babu, aliyekuwa mwindaji wa misheni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mapadri hawakosi nyama mezani. Padri mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia babu bunduki hiyo. Hiyo ndiyo historia yenyewe, na mtu wa kawaida angeridhika nayo. Lakini kila mgeni aliyepita nyumbani kwa baba mdogo, kule Mshangano, aliondoka na historia mpya. Padri alipanda cheo akawa askofu, askofu akawa jamaa wa mfalme wa Ujerumani. Siku moja aliifikisha bunduki hadi Vita vya Maji Maji, ndipo akakumbuka kwamba yuko Songea, na kwamba bunduki ya Mjerumani katika vita vile ilielekezwa kwetu. Akakohoa, akairudisha kwa askofu.

Miaka ile ya maduka matupu, risasi zilikuwa hazipatikani, na hakuna aliyelalamika kumshinda yeye. Nguruwe pori walikuwa wakishambulia mahindi ya mama mdogo, chakula cha nyumba nzima cha mwaka mzima, naye baba mdogo amesimama ukingoni mwa shamba anaapa: "Ningekuwa na risasi mbili tu, mngeona!" Tulimwamini. Mama mdogo aliendelea kupiga debe la kuwatishia nguruwe mpaka viganja vikaota sugu, akiingojea siku hiyo.

Ikaja enzi ya ruksa. Madukani kukajaa sabuni za kunukia, redio, viatu vya kila rangi, na risasi nazo zikaonekana mjini kwa mwenye leseni. Leseni alikuwa nayo. Akanunua pakiti nzima, akaiweka juu ya kabati, akatutazama kama mtu aliyekwisha kuua.

Kabla hajapiga hata moja, gari la Mzungu mmoja mwindaji aliyekuwa akielekea Tunduru likaharibika karibu na pale. Mgeni akaonyeshwa bunduki. Akaifungua, akachungulia mitutu, akasoma alama ndogo zilizogongwa chini yake, akapapasa kware na mbwa waliochongwa kwenye chuma. Akasema ilitengenezwa kwa mkono, kila kipande kikipigwa tupa mpaka kikubaliane na mwenzake. Karakana nyingi za namna ile zilikufa wakati wa vita kuu, na bunduki zenyewe nyingi zikanyang'anywa na kuvunjwavunjwa. Hii ni adimu, alisema; angekuwa yeye, asingeipiga tena. Gari likatengemaa, akaenda zake, wala hatukumwona tena.

Neno hilo, adimu, lilimpanda baba mdogo kichwani kama pombe ya komoni. Bunduki ikageuka mgonjwa mahututi. Ikaviringishwa kitenge cha mama mdogo, kile cha kuendea kanisani, ikalazwa kitandani upande wa ukutani. Ukipiga chafya karibu nayo unaulizwa adabu umeiacha wapi.

Msimu huo nguruwe walikuja mchana kweupe. Mama mdogo alirudi mbio kutoka shambani, anahema.

"Baba watoto, wameingia! Risasi si unazo?"

"Mama, hii si bunduki ya nguruwe. Duniani zimebaki chache."

"Na mahindi yangu yamebaki mangapi?"

Baba mdogo alibaki kitini. Nilikuwapo, na hasira niliyoisikia siku ile haijaniisha mpaka leo. Mwanamke akaokota debe lake, akarudi peke yake kuwafukuza nguruwe waliokwisha kushiba.

Mavuno yalikuwa mabua. Hata hivyo, Jumapili moja baada ya misa, baba mdogo alialika wazee watatu wa parokia waje kuiona bunduki, akaagiza wapewe chakula kwanza. Mama mdogo aliitikia vizuri tu. Akapiga goti, akawanawisha mikono mmoja baada ya mwingine, kisha akaleta sinia lililofunikwa kitambaa cheupe na kulifunua mbele yao.

Bunduki ilikuwa imefunguliwa vipande vitatu: mitutu, kitako, na ule ubao wa kushikia. Vyote vimepangwa safi, kama mapande ya kuku wa mgeni.

"Karibuni, wazee wangu," alisema. "Ndicho kilichobaki humu ndani. Mahindi wamekula nguruwe."

Mzee mmoja alianza kucheka, akauona uso wa mama mdogo, akaacha. Baba mdogo alisimama. Nikadhani sasa ataona haya, angalau mbele ya watu. Aliinama, akachukua mitutu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuzageuza.

"Umefungulia nini?" aliuliza. "Isije ikawa kisu. Chuma hiki hakitaki mkwaruzo."

Mama mdogo alifunga kanga kiunoni, akambeba mtoto wake wa mwisho mgongoni, akashika njia ya Msamala kwa kaka yake, ambako siku hiyo kulipikwa. Wazee nao walitoka nyuma yake, mikono bado imelowa, bila kuaga.