Shati la Kurudi Nyumbani

Fundi yule wa cherehani hukutazama mabega kabla hajakutazama usoni. Ukimsalimu tu, keshajua lipi limeshuka. Kwa hiyo mumewe, dereva wa lori aliyepatwa na kiharusi kikamlegeza upande wa kushoto, aliporuhusiwa kutoka hospitali, na muuguzi akataka kumfundisha fundi namna ya kumvalisha, fundi alicheka.

"Mwanangu, nimevalisha watu tangu hujazaliwa. Kawaangalie wenye shida."

Kesho yake alimletea mumewe wodini shati jipya aliloshona mwenyewe, la kurudi nalo nyumbani. Alianza na mkono mzima, kama anavyofanya mteja anapojaribu nguo. Kisha akaushika ule uliolegea na kuuvuta kwa nyuma uingie. Mumewe alipiga ukelele.

"Fundi… lori huvutwa… hivyo. Si mimi," alisema kwa ulimi mzito, akijaribu kutabasamu.

Jioni, wakiwa nyumbani, bega lilikuwa limevimba. Wifi yake alipokuja kumjulia hali kaka yake, akaliona.

"Wifi, kumetokea nini?"

"Ameulalia mkono."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Mumewe alisikia. Angeweza kukanusha, ulimi ungemtosha kwa hilo, lakini aligeukia ukutani. Mgongo ule ulimchoma fundi kuliko matusi.

Walirudi hospitali. Muuguzi yuleyule alilifunga bega kwa kitambaa, akauliza lilivyoumia. Safari hii fundi alisema kweli, macho chini.

"Mkono mgonjwa huingia wa kwanza, mama, na hutoka wa mwisho," muuguzi alisema, bila kumsuta.

Kitu chepesi namna ile! Njiani kurudi alimweleza wifi yake kila kitu. Wifi hakugomba. Alihamia nyumbani kwa fundi na mkoba wake, akashika kazi ya kumvalisha kaka yake. Fundi akabaki kupika na kufua, akikwepa hata kumgusa mumewe. Chumbani alijifunza kwa kuivalisha sanamu ya dukani mwake, kushoto kwanza, mara kwa mara, akijiona mjinga aliyezeekea kazini.

Jana mumewe alimwita.

"Jumatatu wananifungua bega," alisema. "Nani… atanivalisha?"

"Wifi yupo."

"Huyo hunivalisha… kama anafunga mzigo. Nataka wewe."

Fundi alishika nguzo ya kitanda, kisha akaenda kulitoa lile shati jipya kabatini. Leo Jumamosi amekwisha kulipiga pasi lile shati, akalirudia tena. Jumatatu anaiona haifiki.