Dani Alipousimamisha Wimbo wa Tisa

Katikati ya wimbo wa mwisho wa albamu ya pili ya bendi ya mama, nyanya yangu anapaza sauti na kuwanyamazisha wanamuziki wote. Nilikuwepo. Kila nikiusikia wimbo huo, pua yangu hurudi kwenye magodoro ya bweni: vumbi, sabuni ya kipande na usingizi wa watu wengi.

Magodoro hayo tuliyaegemeza kwenye madirisha ya ukumbi wa shule moja pale Mbita, kando ya ziwa, tulikokuwa tukirekodi, ili ngurumo za boti zisiingie. Nilikuwa na miaka tisa.

Mama alipiga kantri, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Albamu ya kwanza ilijaa farasi na theluji. Mchuuzi mmoja sokoni Homa Bay akamwuliza mbele ya watu, "Mama Atieno, hao farasi umewafunga wapi? Tuwaletee nyasi!" Mama alicheka nao, kisha nyumbani hakugusa gitaa kwa wiki mbili. Alipolishika tena, alitutangazia kwamba ataimba mambo ya kwetu: omena, dagaa wa ziwani, wakianikwa juani, feri inayochelewa. Wakicheka tena, gitaa litatundikwa ukutani na halitashuka.

Kufikia Ijumaa alasiri nyimbo nane zilikuwa tayari. Fundi wa sauti alikuwa anarudi Nairobi na mashine zake alfajiri. Tena Mwalimu Ouma, aliyepiga gitaa la kulaza mapajani, alikuwa Msabato. Jua likizama Ijumaa, hagusi nyuzi.

"Hata dakika tano, Mwalimu?" mama alimsihi.

"Hata moja, dada yangu. Hilo jua si langu."

Mwanga wa jua la jioni, uliopenya juu ya mlango, ulikuwa umeshapanda ukutani. Tulikuwa na nafasi ya kuupiga wimbo wa tisa mara moja tu, nami nilipewa njuga. Tulikwenda vizuri mno. Ndipo Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, akainuka kwenye kiti chake cha mlangoni, mkono juu.

"Simamisheni! Nataka kujisifu!"

Kwenye sherehe za kwetu ndivyo ilivyo. Mtu husimamisha wimbo, hujisifu yeye na wapenzi wake, na wapigaji hushusha sauti wakimngoja amalize. Dani alikuwa amekatazwa kukohoa. Kujisifu hakuna aliyemkataza.

Magitaa yalinyamaza. Mama alifumba macho. Mimi sikujua lolote kuhusu kurekodi, ila sherehe nilizijua, basi nikaendelea kutikisa njuga polepole. Mwalimu alinitazama, akatazama ukuta, kisha akatelezesha kile kipande chake cha chuma juu ya nyuzi, gitaa likaanza kuguna chini chini.

"Mimi ni binti wa Karungu!" Dani alisema. "Mama wa huyu anayeimba! Mpenzi wa Okumu, aliyevuka ziwa na gitaa mgongoni! Haya, pigeni!"

Wakapiga! Mpiga ngoma alipiga akiwa amesimama, na mama aliimba kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya mto. Noti ya mwisho ilipokwisha, Mwalimu alilifungia gitaa kwenye kasha, akavaa koti, akatuaga.

"Huyo shosho aliyepaza sauti tumfute?" fundi aliuliza.

"Ukimfuta," mama akasema, "nifute na mimi."

Albamu ilipotoka, mama aliimba kwanza sokoni kwa yule mchuuzi. Wimbo ulipofika pale Dani alipousimamisha, mchuuzi aliruka juu ya meza yake ya kuuzia nyanya na kujisifu yeye, mkewe na ng'ombe wake. Gitaa halikutundikwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba njuga zangu ndizo zilizotuokoa. Baadaye nilielewa kwamba mama alikuwa ametafuta kwa muda mrefu namna ya kuifanya kantri iwe yetu, na Dani alimwonyesha kwamba tayari ilikuwa yetu. Mtu hajisifu katika muziki wa wageni.

Lakini baada ya kumzika Dani niliusikiliza wimbo kwa makini, peke yangu. Babu yangu, mume wa Dani, aliitwa Onyango. Hakuwahi kushika gitaa, na boti aliziogopa maisha yake yote.

Nilimwuliza mama.

"Siku ile nilifumba macho nikingoja jina la baba," alisema.

Tumeuliza Karungu, tumeuliza kisiwani Rusinga. Huyo Okumu hatujampata.