Kitambaa cha Gikonyo Langoni

Mzee Gikonyo wa Naro Moru alijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungia nyama, akawaandikia majirani barua mpaka simu zikamnyang'anya kazi hiyo. Siku hizi hakuna anayetaka kitu cha mkono. Hata binti yake Nyawira alitaka kuagiza bango la plastiki la kuwakaribisha wakwe kutoka Kiriaini.

"Zamani mgeni alikaribishwa kwa mdomo," mzee akalalamika.

"Ni mdomo uliowafukuza wale wa kwanza, Baba."

Hapo alimweza. Mwaka juzi Mugo, ndugu wa mzee, aliwadai wachumba mahari wakiwa bado langoni, hawajaonja hata chai. Waligeuza gari. Sasa Nyawira, ambaye hakuwa na hamu ya kuzeekea pale nyumbani, aliomba kitu kimoja tu: neno mahari lisisikike wala lisionekane mpaka wageni washibe.

"Halitasikika," mzee akasema. "Lakini hiyo plastiki haiingii kwangu. Nitatengeneza kitambaa mimi mwenyewe."

Mjini Nyeri, nyuma ya duka la vitambaa la Shantilal, mjukuu wa mwenye duka, Khushbu, hufundisha batiki kila Jumamosi. Wanafunzi wengine walikuwa wasichana waliokuja kujipiga picha wakiwa wamevaa aproni. Gikonyo alikuja na koti la kanisani na kofia.

Khushbu aliyeyusha nta jikoni, akawaonyesha kuichora kwa brashi. Kitambaa kikitumbukizwa katika rangi, palipo na nta hapashiki rangi. Ukikichemsha baadaye nta inatoka, mchoro unabaki mweupe.

"Lakini guka, nta haina kifutio," akamwonya mzee, akimwita babu kwa Kikikuyu. "Ikishika, imeshika."

Nta ya kwanza ilishika kiatu chake. Ya pili ilishika koti. Kisha akachovya brashi katika chai ya msichana wa kando, akachora nayo mstari mzima kabla hajaambiwa.

"Nikuangalilie herufi, guka?"

"Wewe nifundishe rangi. Kuandika nilijua kabla mama yako hajazaliwa." Akaziba kazi yake kwa kofia.

Nta juu ya kitambaa cheupe haisomeki vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu mpaka kitambaa kilipotoka kwenye sufuria, buluu tupu, na herufi nyeupe kubwa kama vikombe: KARIBUNI MAHARI PETU.

Alikuwa ameandika 'mahali' anavyolitamka, na wanavyolitamka rika lake wote kando ya mlima. Khushbu alifungua kinywa, akauona uso wa mzee ulivyong'aa, akakifunga.

"Unaonaje?"

"Iko wazi, guka. Iko wazi kabisa."

Gikonyo alikificha kitambaa hadi siku yenyewe, akakipigilia misumari langoni magari ya wageni yakiwa tayari yanapanda.

"Baba, umeandika nini?"

"Soma. Si nilikusomesha?"

Nyawira alikuwa bado anavuta msumari wa kwanza kwa kucha wageni waliposhuka. Zamani wakwe walikuja na mbuzi wakitembea mbele. Hawa walikuja na sare za kitenge na mtu wa kukodiwa wa kushika kipaza sauti. Mzee Gicheru, baba wa bwana arusi, alisimama mbele ya kitambaa, akatafuta miwani, akasoma herufi moja moja. Nyawira alifumba macho.

"Ka-ri-bu-ni ma-ha-ri pe-tu." Gicheru akavua miwani, akatazama boma, akatazama mlima. "Na kweri ni mahari pazuri. Asante sana."

Akaingia. Wazee wote wakamfuata, kila mmoja akikisoma na kukisifu. Mugo ndiye aliyeonekana mwenye kinyongo.

"Mimi mlinikemea," akanong'ona, "na wewe umeandika kwa herufi kubwa."

"Nimeandika nini?" akauliza Gikonyo.

Bwana arusi, Ben, mwalimu wa Kiswahili, alibaki nje akijiuma mdomo.

"Ukicheka, nitaolewa na mwingine," Nyawira akamwambia.

"Sicheki. Baba yangu ameshakipenda, atakiomba. Tutakitundika kwetu."

"Jikoni," akasema Nyawira. "Na maandishi yatazame ukutani."